Mtoto Kaambiwa Alete Jiwe Shuleni: Uchunguzi wa Kisayansi Ni Kitu Gani Hasa?

Tangu mtaala mpya uanze kutekelezwa Januari 2024, kuna swali linalozunguka sana miongoni mwa wazazi wa Moshi na Arusha. Mtoto anarudi nyumbani na kusema kesho anatakiwa kwenda na mawe matatu yasiyofanana, au majani ya aina tano, au kopo la udongo. Mzazi mmoja anauliza kama michango inalipwa ili watoto wakachezee udongo. Mwingine anamjibu kwamba hiyo ndiyo sayansi kwa vitendo, watoto wa siku hizi hawakaririshwi. Wa tatu anasema shule haina maabara, kwa hiyo walimu wanajazia muda.

Wote watatu wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana mjadala hauishi. Jiwe mezani linaweza kuwa somo zuri la sayansi kuliko yote ambayo mtoto atayapata mwaka huo. Linaweza pia kuwa upotevu wa kipindi. Tofauti haiko kwenye jiwe.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Vitu vya asili ni vile ambavyo havikutoka kiwandani: mawe, udongo, maji, mbegu, majani, magome ya miti, manyoya ya ndege, magamba ya konokono, wadudu. Uchunguzi wa kisayansi ni kutafuta jibu la swali kuhusu kitu kwa kukiangalia kitu chenyewe, kabla ya kumuuliza mkubwa au kufungua kitabu. Stadi za uchunguzi ni mazoea ya jicho, mkono na akili yanayomwezesha mtoto kufanya hivyo: kutazama kwa makini, kulinganisha, kuainisha, kupima, kuuliza swali linaloweza kujaribiwa, kutoa dhanio, kufanya jaribio, kuandika kilichotokea na kuwaeleza wenzake. Dhanio ni jibu la awali ambalo mtoto analitoa kabla ya jaribio, akiwa na sababu yake.

Ninachotaka kusema katika makala hii ni jambo moja. Katika uchunguzi, anayeamua nani yuko sahihi ni kitu kinachochunguzwa. Mwalimu akisimama mbele na jiwe mkononi, akauliza "Hili ni nini?", darasa zima likaitikia "Jiwe!", kisha akaandika ubaoni sifa nne za jiwe, watoto wamenakili tu. Jiwe lilikuwa pambo. Lingekuwa viazi, lingekuwa picha, somo lingekuwa lile lile. Uchunguzi unaanza pale ambapo jiwe linaweza kumkatalia mtoto alichodhani, na mwalimu pia.

Kuona na kuhitimisha

Stadi ya kwanza inaonekana nyepesi, lakini ndiyo inayowashinda hata watu wazima. Mpe mtoto wa darasa la tatu jiwe jeusi la mtoni, mwambie aseme anachokiona. Atasema: "Ni zito. Ni jeusi. Limetoka mlimani. Lilikuwa limeungua." Mawili ya kwanza ameyapata kwa macho na mkono. Mawili ya mwisho hakuyaona. Ameyafikiria, pengine kwa akili sana, lakini hakuyaona. Mwalimu asimwambie kwamba amekosea. Amwulize: "Umejuaje?" Swali hilo fupi ndilo zana kubwa kuliko zote katika kazi hii. Mtoto akijibu, "Kwa sababu lina vitundu kama povu," tayari ametenganisha ushahidi na hitimisho.

Mkoa wa Arusha una mfano wa jambo hili unaojulikana dunia nzima. Huko Laetoli, wilayani Ngorongoro, kuna nyayo zilizobaki kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, zenye umri wa takribani miaka milioni 3.6. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ilipata nyayo za viumbe wa ukoo wa binadamu waliotembea kwa miguu miwili. Lakini miaka miwili kabla, mwaka 1976, hapo hapo Laetoli zilikuwa zimeonekana nyayo nyingine za ajabu kidogo, na baadhi ya wataalamu walidhani huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nyayo hizo zilifukuliwa upya mwaka 2019. Zikasafishwa na kupimwa vizuri, zikalinganishwa na nyayo za dubu, za sokwe na za watu, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kwamba nazo ni za ukoo wa binadamu. Nyayo zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kipimo, na kipimo kikabadilisha hitimisho.

Huhitaji kwenda Laetoli kufundisha hili. Uwanja wa shule wenye vumbi, asubuhi kabla ya kufagiwa, una nyayo za kuku, mbwa, watu, pengine mbuzi. Watoto watazame, wachore, wapime urefu wa hatua kwa kamba. Kisha waandike safu mbili daftarini: nilichoona, ninachofikiri. "Alama tatu za vidole mbele, moja nyuma" inakwenda safu ya kwanza. "Kuku alikuwa anakimbia" inakwenda ya pili, na ni lazima aeleze kwa nini hakudhani kwamba alitembea.

Majani mezani

Kuainisha ni kupanga vitu kwenye makundi kwa sifa iliyochaguliwa. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mwalimu kutoa makundi yake tangu mwanzo. Watoto wakija na majani ya mgomba, kahawa, parachichi, maharage, mahindi, mwembe na masale, wape nafasi wapange wenyewe bila kuwaambia njia. Mmoja atapanga kwa ukubwa, mwingine kwa rangi, mwingine kwa matumizi: haya ni ya chakula, haya ya biashara, haya ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga.

Hapo mwalimu aulize swali moja tu: mwenzako akipewa sifa uliyotumia, bila wewe kuwapo, atapata mafungu yale yale? "Majani makubwa" yataleta ugomvi, kwa kuwa hakuna aliyesema makubwa kuanzia wapi. Rangi itafanya kazi Jumatatu, na ikifika Ijumaa majani yamekauka, mafungu yamevurugika. Lakini mtoto aliyetazama mishipa ya jani, akaona ya mgomba, mahindi na masale inakwenda sambamba, ilhali ya kahawa, parachichi, maharage na mwembe imesukana kama wavu, ameshika sifa ambayo kila mtu ataiona na ambayo haibadiliki jani likikauka. Wataalamu wa mimea nao huitazama sifa hiyo wanapotenganisha jamii kubwa za mimea. Jina la kitaalamu linaweza kusubiri. Likija baada ya mtoto kuona, atalishika.

Kupima kunaingia hapo hapo. Kama ugomvi ni juu ya jani lipi kubwa, daftari la hesabu lina miraba: mtoto achore mzunguko wa jani juu yake na ahesabu miraba iliyofunikwa. Bomba la sindano lisilo na sindano linapima mililita. Kijiti, uzi na vifuniko viwili vya chupa vinatosha kuwa mizani ya kulinganisha. Watoto wakipima meza kwa shubiri na kila mmoja akapata jibu lake, wataona wenyewe kwa nini rula iligunduliwa.

Jaribio la haki

Sasa tunafika penye ugumu. Jaribio la haki ni lile ambalo unabadilisha kitu kimoja tu na vingine vyote unaviacha vilivyo. Fikiria fundi wa bodaboda ambaye pikipiki imemgomea. Akibadilisha plagi, akasafisha kabureta na akaweka mafuta mapya kwa pamoja, pikipiki ikawaka, hatajua ugonjwa ulikuwa wapi. Safari ijayo atabadilisha vyote tena, kwa gharama ya mteja. Fundi mzuri anabadilisha kimoja, anajaribu kuwasha, ndipo anaendelea.

Darasani chukua maharage. Nunua robo kilo soko la Mbuyuni au Kilombero, au mtoto aje nayo kutoka nyumbani. Swali: je, maharage yanahitaji mwanga ili yaote? Watoto wengi watasema ndiyo, na watakuwa na sababu nzuri, maana wameambiwa kila siku kwamba mmea unahitaji jua. Wachukue makopo mawili yanayofanana, pamba au udongo ule ule, idadi ile ile ya mbegu, maji kiasi kile kile. Kopo moja likae dirishani, jingine kabatini palipo giza, chumba hicho hicho ili joto lisipishane sana. Baada ya siku chache mbegu za kabatini zitakuwa zimeota pia. Mbegu ya maharage imebeba akiba yake ya chakula, kwa hiyo kuanza kuota inahitaji maji, hewa na joto. Ikiendelea kukaa gizani, itarefuka, itakuwa dhaifu na ya rangi ya njano iliyopauka. Hapo mwanga unapoanza kuhitajika, mtoto anaona kwa macho tofauti kati ya kuota na kukua.

Angalia kilichotokea. Dhanio la wengi limekataliwa, na aliyelikataa ni haragwe. Mwalimu hakumwaibisha mtu.

Jiwe linaloelea

Ukanda wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na kwa kazi hii ni bahati kubwa. Mlima Meru, wenye mita 4,566, mara ya mwisho ulilipuka kidogo mwaka 1910. Kilimanjaro, mita 5,895, nao umejengwa na lava. Watoto wanakanyaga ushahidi huo kila siku njiani: mawe meusi mazito ya mtoni, morami nyekundu yenye matundu iliyomwagwa barabarani, na yale mawe mepesi ya kijivu ambayo watu husugulia miguu.

Weka beseni la maji. Kabla jiwe lolote halijagusa maji, kila mtoto aandike dhanio lake kwa kalamu ya wino: litaelea au litazama, na kwa nini. Nasisitiza wino, maana mwenye penseli atafuta. Watoto wetu wamezoea mno kwamba jibu lisilolingana na la mwalimu ni aibu, kwa hiyo jiwe likielea, raba inafanya kazi haraka na kila daftari linaonyesha "litaelea". Dhanio lililofutwa limeondoka na somo lake, kwa sababu mtoto hawezi tena kuona alipotoka na alipofika.

Jiwe jeusi linazama. Kila mtu anafurahi. Jiwe la kusugulia miguu linaelea, na darasa linalipuka kwa kelele. Waache wapige kelele. Mtoto mmoja atasema: "Linaelea kwa sababu lina vitundu." Hilo ni dhanio jipya, zuri, na linaweza kujaribiwa. Basi chukua morami, nayo ina vitundu vingi. Mara nyingi inazama. Sasa "lina vitundu" peke yake haitoshi. Wapime kwenye mizani ya vifuniko vipande viwili vyenye ukubwa unaokaribiana. Wataona jiwe la kijivu ni jepesi zaidi. Ndani yake kuna hewa nyingi iliyozungukwa na kuta nyembamba, kwa sababu lava ile ilikuwa imejaa gesi ilipolipuka na ikapoa haraka kabla povu halijatoweka. Morami ina kuta nene na nzito.

Usiishie hapo. Liache jiwe lililoelea kwenye maji kwa siku kadhaa. Lingine litaanza kuzama kidogo kidogo, maji yakiingia kwenye vitundu na kufukuza hewa. Watoto walipime likiwa kavu na walipime likiwa limelowa. Jiwe moja na beseni vimetoa swali, dhanio, jaribio, kipimo, dhanio kuvunjika na dhanio kurekebishwa. Vipindi viwili vimejaa, na gharama yake ni maji ya ndoo moja.

"Jaribio limeshindwa"

Itatokea siku ambapo matokeo hayatalingana na kitabu. Mbegu za dirishani zitaoza, jiwe la kundi moja litazama kabla ya wakati. Mwalimu aliyebanwa na ratiba atasema jaribio limeshindwa na kuwapa jibu la kitabu wanakili. Naelewa shinikizo lake, lakini hapo ndipo uchunguzi unapouawa. Matokeo yasiyotarajiwa yanahitaji swali: tulifanya nini tofauti? Tukirudia, yatatokea tena? Kundi la jirani limepata nini? Ndiyo maana makundi sita kufanya jaribio moja ni bora kuliko mwalimu kulifanya mara moja mezani kwake.

Nchi hii iliwahi kuwa na kijana aliyelipitia hili. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aligundua wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wake wa maziwa aliouweka kwenye friza ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, swali lake likafanywa utani darasani. Hakuliacha. Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne hakuwa na jibu, akarudi chuoni na kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja, na kwa wakati huo Mpemba alikuwa anasoma Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, hapa juu ya mji wa Moshi.

Wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu jambo hilo: kuna waliorudia jaribio wakaliona, kuna waliopima kwa uangalifu wasilione, na sababu zinazotolewa ni nyingi. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba chochote. Yeye alitazama, akauliza, akarudia. Anayesikitisha ni mwalimu aliyekuwa na friza karibu na hakwenda kuangalia.

Maabara, mtihani na wingi wa watoto

Kuna wanaoamini kwamba bila maabara hakuna sayansi. Kwa shule ya msingi, hapana. Stadi nilizoeleza zinahitaji kitu cha kuchunguza, daftari na muda. Kisichopatikana kirahisi ni muda, maana kipindi cha dakika 40 kinaliwa na kugawa vifaa. Walimu wanaofanikiwa huunganisha vipindi viwili au huacha jaribio likae darasani wiki nzima na kuliangalia dakika tano kila asubuhi.

Wasiwasi wa mtihani ni wa haki. Maswali mengi ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni ya kuchagua jibu, na mtoto anaweza kupata alama kwa kukariri. Sitamdanganya mzazi kwamba kuchunguza majani kutapandisha alama mwezi ujao. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyeona haragwe likiota gizani hasumbuliwi na swali la mahitaji ya mbegu kuota, namna yoyote litakavyoulizwa.

Darasa la watoto 80 ni tatizo kweli, na anayesema ni jepesi hajafundisha darasa hilo. Vitu vya asili angalau vinapunguza upande mmoja wa tatizo: darubini ni moja kwa shule, lakini mawe yanatosha kila kundi. Kila mtoto awe na kazi: mmoja anashika, mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja ataeleza mbele. Wiki inayofuata wabadilishane, la sivyo msichana ataandika mwaka mzima na mvulana atashika jiwe mwaka mzima.

Usalama usisahauliwe. Hakuna kuonja chochote. Mbegu za mbarika ni sumu kali, na utomvu wa mnyaa, ambao uko kwenye nyua nyingi, unaumiza macho vibaya. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya udongo. Na mawe au mimea isichukuliwe ndani ya hifadhi za taifa, maana sheria inakataza. Nje ya hifadhi yamejaa.

Mwisho ni mpaka wa macho yenyewe. Weka bilauri mbili za maji safi, moja ya mvua na nyingine kutoka chemchemi mojawapo chini ya Mlima Meru. Watoto watazitazama, watazinusa, na hawataona tofauti. Lakini maji ya maeneo mengi kuzunguka mlima huo yana madini ya floraidi kwa wingi, yanayotoka kwenye mawe ya volkano, na wapo darasani watoto ambao meno yao yana madoa ya kahawia kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na jicho haliwezi kukiona. Hapa ndipo kifaa cha maabara kinapohitajika, na mtoto aliyezoea kuuliza "umejuaje?" atakuwa wa kwanza kuuliza maji ya bomba la shule yamepimwa na nani, lini, na yamekutwa na kiasi gani. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na kuondoa floraidi majini kwa kutumia mkaa wa mifupa. Darasa linaloweza kufika huko lipeleke maswali hayo, yakiwa yameandikwa kwa wino.